Taa ya dagaa na kichujio chake

Kabla ya karabai, dagaa wa Ujiji walivuliwa kwa moto wa kuni. Moto uliwaka mbele ya mtumbwi, dagaa wakaufuata mwanga, mvuvi akawachota kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Katikati ya karne ya 20 zikaenea karabai na nyavu za kuinua za vipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa. Sasa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga taa za LED za betri zimezipokonya karabai nyingi kazi. Mbalamwezi tu ndiyo haijapata mpinzani: ikiwaka, dagaa hawakusanyiki.

Ndani ya taa nzuri ya LED mna kigeuzi umeme, swichi inayofunga na kufungua maelfu ya mara kwa sekunde. Mzunguko wa udhibiti hupima mkondo unaotoka na kuurekebisha, taa isififie betri ikichoka. Swichi hiyo hurudisha kelele kwenye waya, redio ya jirani ikakwaruza. Ndiyo maana mlangoni mwa kigeuzi, umeme unapoingia, huwekwa kichujio cha koili na kapasita.

Taa ya wati 24 huvuta ampea 2 kwenye volti 12. Betri ikishuka hadi volti 10, balbu ya zamani ingepunguza mkondo; kigeuzi huuongeza, hadi ampea 2.4. Tabia hiyo ya kinyume ikikutana na kichujio kinachopenda kuyumba, vyote viwili huyumba, na taa hupepesa. Mwaka 1971 Yu na Biess wa kampuni ya TRW, Marekani, walilichambua tatizo hili. Mwaka 1976 R. D. Middlebrook wa Caltech akatoa kanuni: kwenye masafa yote, ukinzani wa kichujio uwe mdogo sana kuliko wa mlango wa kigeuzi.

Mazoea yalikuwa kusanifu udhibiti kwanza, kichujio kikabandikwa mwishoni. Kwa maoni yangu, Middlebrook hakuyafuta mazoea hayo. Aliyapa ruhusa yenye masharti. Kichujio kikitii kanuni, udhibiti unabaki ulivyo. Kikikaidi, hesabu zinaanza upya.

Utii huo una bei: kapasita kubwa zaidi, na rezista ya kuzima mitikisiko. Afadhali kukichora kichujio mapema kwa makadirio, kusanifu udhibiti ukikijua, kisha kukirudia kelele zikishapimwa. Na kipimo cha utii huo kifanywe kwa betri iliyokaribia kuisha, maana hapo ndipo ukinzani wa kigeuzi unapokuwa mdogo kuliko wakati wowote.