Lushoto: Mji wa Baridi na Siku za Gulio

Lushoto ni mji mdogo wa Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Upo kwenye kimo cha meta 1,400 hivi, na aendaye huko huiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Mombo, kwenye joto na vumbi la nyika, akapanda kwa kona kali kupitia Soni. Mwendo ni wa kilometa 33 tu, lakini hali ya hewa hubadilika kabisa. Miezi ya Juni na Julai ukungu hutanda hadi saa nne asubuhi, na watu hutembea na masweta na makoti ya mitumba huku wenzao wa Mombo wakitafuta kivuli.

Kabla ya kuwapo mji, ilikuwapo nchi. Wasambaa waliyagawa mazingira yao sehemu mbili: Shambaai, yaani nchi ya juu yenye mvua, migomba na watu, na nyika, yaani bonde kavu la chini lenye ng'ombe, wanyama wa porini na homa. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, na kwa sababu nzuri. Mwenye nyumba pale aliweza kulima migomba huku juu na kuteremka kulima shamba jingine nyikani, hivyo mvua ikikosekana upande mmoja, upande wa pili ulimwokoa. Ndizi ndizo zilizokuwa chakula kikuu. Mahindi na mihogo vilikuja baadaye, na mahindi yakaishia kuipiku migomba katika sehemu nyingi. Watu wa juu walipeleka tumbaku na vyakula kwa majirani wa nyikani, wakarudi na mifugo na chumvi.

Nchi hiyo ilitawaliwa na ukoo wa Wakilindi kutoka Vugha, juu ya Soni. Asili yake imesimuliwa na Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na wamisionari wa Magila na ambacho hadi leo hakina mfano katika historia zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu, aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakamtawaza. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kwa miongo mingi katika karne ya 19, ufalme ulienea hadi karibu na pwani. Mmisionari Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848. Mfalme alipimwa kwa mvua: akiwa na nguvu isiyo na mshindani, ardhi hupona, wakubwa wakigombana, ardhi huharibika na njaa huingia. Alipofariki Kimweri, wanawe na wajukuu waligombana kweli. Semboja, aliyekaa Mazinde chini ya mlima kwenye njia ya misafara, alijipatia bunduki kwa biashara ya pwani, na vita vilivyofuata vilisukuma watu wengi utumwani.

Wajerumani waliikuta nchi iliyochoka. Mwaka 1895 walimnyonga mtawala wa Vugha, akawa mfano kwa wengine. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1898, walilihamisha boma la wilaya kutoka Mazinde na kulijenga juu mlimani, mahali penye baridi. Wakapaita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Kwa hiyo Lushoto haikuzaliwa na soko wala njia panda. Ilizaliwa na hofu ya malaria. Maofisa na walowezi walitaka mahali ambapo Mzungu angeweza kulala bila chandarua na kula viazi vya kwao, na kwa muda serikali ya koloni iliutazama mji huo kama kimbilio lake wakati wa joto la Dar es Salaam.

Yaliyoambatana na boma hilo ndiyo yaliyobadilisha maisha ya kila siku. Kodi ya nyumba iliwekwa mwaka huohuo wa 1898, na kodi ilidai fedha taslimu. Walowezi walipokosa vibarua, wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha kadi za kazi: kila mwanamume mzima alitakiwa kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo apelekwe kwenye kazi za umma. Reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilifika Mombo mwaka 1905, na mashamba ya mkonge yakaenea chini ya mlima. Wasambaa wengi hawakuupenda mkonge. Walikuwa na shamba juu, na mwenye shamba hana haraka ya kuuza jasho lake. Kazi nyingi za mkonge zikafanywa na manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka bara, na vijiji vya chini vikajaa lugha ngeni.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walikuwa wameshatangulia. Walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, kisha Vugha na Bumbuli. Waliacha shule, hospitali na kiwanda cha uchapaji cha Vugha kilichotoa vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi. Uislamu nao ulikuwa umepanda mlima pamoja na wafanyabiashara wa pwani na watawala wa Kikilindi. Hadi leo adhana na kengele husikika katika mji mmoja, na makao ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT yapo Lushoto.

Waingereza waliingia mwaka 1916, jina la Kijerumani likatoweka, lakini mpangilio wa mji ulibaki. Nyumba za mawe, vivuli vya miti ya kigeni, shule ya watoto wa Kizungu na hoteli viliendelea kuwahudumia watu ambao hawakuzaliwa pale. Msambaa aliingia mjini kulipa kodi, kushtakiwa, kutibiwa, au kuuza. Hilo la mwisho ndilo lililoujenga mji upya kutoka chini.

Gulio ni desturi ya zamani kuliko boma. Kila kijiji kikubwa mlimani kina siku yake, na siku hizo hupishana ili mchuuzi aweze kuzunguka. Alfajiri wanawake hushuka na kupanda vijia wakiwa na mizigo kichwani: ndizi, maharage, miwa, mboga za majani, vyungu. Mume alikuwa na mifugo na neno la mwisho juu ya ardhi. Mke alilima chakula na kuuza kilichozidi, na fedha ile ndogo ilinunua chumvi, mafuta ya taa, sabuni na kanga. Gulio lilikuwa pia mahali pa kupashana habari za misiba, kuchumbia, kudai madeni na kusikia serikali inataka nini safari hii.

Katika miaka ya 1950 serikali ilitaka matuta. Mlima ulikuwa umejaa watu, udongo ukashuka na mvua, na wataalamu wa Kiingereza wakaamuru kila kaya ichimbe matuta kwenye miteremko. Kwa kipimo cha udongo peke yake walikuwa na hoja. Kwa kipimo cha kazi walikosea, maana jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake ambao tayari walikuwa na siku ndefu, na hakuna aliyewauliza. Watu walihofia pia kwamba shamba lililochimbwa kwa amri lingeishia kuwa la aliyeamuru. Watawala wa jadi waliolazimika kuisimamia amri hiyo walipoteza heshima, chama cha TANU kikapata wafuasi, na mpango wote ukafa kabla ya uhuru. Baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na Wakilindi wakawa raia kama wengine.

Hifadhi ya udongo ilirudi mwaka 1981 kwa sura nyingine, kupitia mradi wa SECAP uliofadhiliwa na Ujerumani. Safari hii mkulima alipewa majani ya Guatemala ya kupanda kwenye kontua, miche ya miti, na ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani. Majani yalizuia udongo na kulisha ng'ombe, ng'ombe akatoa maziwa na samadi. Si kila mtu aliyefuata, lakini kilichobaki kilibaki kwa hiari.

Samadi hiyo ilikwenda hasa kwenye mboga. Kabichi, karoti na viazi mviringo vililetwa na walowezi na misheni kwa ajili ya meza zao. Pamoja navyo yakaja matunda ya nchi za baridi, kama peasi na plamu. Vibarua na wanafunzi wa misheni waliona namna vinavyolimwa, wakavipeleka kwenye mabonde yao yenye maji, ambako mifereji midogo na ndoo huwezesha kulima hata mvua zikikata. Miji ya pwani ilipokua, zao la meza ya mlowezi likawa zao la mkulima mdogo. Leo nyanya hupangwa kwenye matenga ya fito, kabichi hujazwa kwenye malori, na pilipili hoho na saladi hufuata barabara ileile ya kona hadi Mombo, Tanga na Dar es Salaam.

Utaratibu wa mauzo haujambadilikia sana mkulima. Dalali hununua shambani au kando ya barabara, mara nyingi kwa gunia la lumbesa, lililofungwa kupita mdomo wake, na bei ya siku hutoka Kariakoo kwa simu. Mboga haingoji: mvua ikiharibu barabara, au shehena nyingi zikifika Dar es Salaam kwa pamoja, mzigo huuzwa kwa hasara au huozea njiani. Mashamba yenyewe yamegawanywa kwa warithi hadi yakawa vipande vipande, na vijana wengi hushuka kutafuta kazi mjini, kuendesha bodaboda au kufungua duka.

Mji wenyewe umebaki mdogo. Una ofisi za wilaya, hospitali, benki, stendi, chuo cha uongozi wa mahakama na wageni wanaokuja kutembea misituni na kutazama nyika kutoka mwamba wa Irente. Watumishi wa serikali huhamishwa na watalii huondoka. Wanaoufanya ule na kuvaa mwaka mzima ni wakulima wa miteremko inayouzunguka, na hao bado hawapangi bei ya kabichi yao.