Clarendon: Herufi iliyolindwa kwa miaka mitatu

Mwaka 1845, kiwanda cha kusubu herufi cha Fann Street jijini London kilitoa herufi mpya iliyoitwa Clarendon. Ilikuwa nzito na yenye miguu mipana. Robert Besley, mmoja wa wenye kiwanda hicho, aliisajili kisheria ili washindani wake wasiiige.

Usajili huo ulimpa ulinzi wa miaka mitatu tu.

Sauti ya bango

Herufi nene hazikuanza na Clarendon. Mapinduzi ya viwanda yalikuwa yamejaza bidhaa madukani, na wafanyabiashara walihitaji matangazo yasomekayo kutoka ng'ambo ya barabara.

Katika miaka ya 1810, Vincent Figgins, pia wa London, alionyesha herufi ambazo serifu zake, yaani vijiguu vya mwisho wa mistari, zilikaribia kuwa nene sawa na mistari yenyewe. Ulaya ilikuwa imevutiwa na mambo ya kale ya Misri tangu Napoleon alipoivamia nchi hiyo mwaka 1798. Hivyo herufi za namna hiyo zikaja kuitwa za Kimisri, ingawa hazina nasaba na maandishi ya Mafarao.

Zilifaa bangoni, lakini ndani ya kitabu zilifunika maneno jirani.

Besley na mchonga herufi Benjamin Fox walitafuta njia ya kati. Clarendon ilifanywa nyembamba kiasi, na serifu zake zikaunganishwa na mistari kwa mkunjo laini badala ya pembe kali. Kwa hiyo iliweza kukaa katika mstari mmoja na maandishi ya kawaida. Neno kuu la kamusi likaonekana mara moja, na maana yake ikasomeka kwa utulivu. Kamusi nyingi, zikiwemo za Kiswahili, zingali zinakoza neno kuu, japo kwa herufi za aina nyingine.

Waigaji

Ulinzi ulipokwisha mwaka 1848, viwanda vingine vilisubu Clarendon zao, na jina la bidhaa moja likageuka kuwa jina la aina nzima ya herufi.

Huko Marekani, Darius Wells wa New York alikuwa ametoa orodha ya herufi kubwa za mbao mwaka 1828. Mbao zilikuwa nyepesi na rahisi kuliko madini ya risasi. Clarendon nazo zikachongwa kwa mbao, zikapamba mabango ya sarakasi na maigizo.

Besley hakufilisika. Mwaka 1869 alishika wadhifa wa Meya wa Jiji la London. Herufi yenyewe ilihuishwa mwaka 1953 na Hermann Eidenbenz kwa ajili ya kiwanda cha Haas cha Uswisi.

Hata hivyo, suala la haki ya mbunifu halijafungwa. Nchini Marekani, umbo la herufi halilindwi na hakimiliki hadi leo, ingawa programu ya kompyuta inayolichora yaweza kulindwa.