Wazee, Unene na Kisu cha Tabibu

Unene una sura mbili. Mwili ulionawiri huhesabiwa kuwa dalili ya afya na neema, na mtu aliyekonda huulizwa kama ameugua. Lakini unene ukipita kiasi hugeuka mzigo: magoti huuma, pumzi hukatika, moyo huchoka, na ugonjwa wa sukari hupata njia. Mzigo huu ukimlemea mtu mzee, nguvu za kuupunguza kwa mwendo na kazi zimekwisha kupungua. Je, yafaa mzee wa namna hiyo apasuliwe? Swali hili liliwashughulisha matabibu kwa miaka mingi, na historia ya jibu lake ina mafunzo kwetu.

Upasuaji wa kupunguza unene si wa kale. Katika mwaka wa 1954 madaktari watatu wa Minnesota, katika nchi ya Marekani, yaani Kremen, Linner na Nelson, walitangaza njia ya kuunga sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba na sehemu yake ya mwisho, ili chakula kipite njia ya mkato. Wagonjwa walikonda kweli, bali wengi walilipa gharama kubwa: waliharisha, walipata mawe ya figo, na baadhi yao maini yaliharibika. Njia hiyo ikaachwa.

Katika mwaka wa 1966 Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alianza njia nyingine, pamoja na mwenzake Chikashi Ito. Mason alikuwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda hupungua uzito. Basi akatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, akakiunga na utumbo, mtu akashiba kwa chakula kidogo. Katika miaka ya 1990 wapasuaji walianza kuifanya kazi hiyo kwa kupenyeza vyombo vyembamba katika matundu madogo, pasipo kufungua tumbo lote, na hatari ikapungua.

Wazee, hata hivyo, walibaki nje ya mlango. Uchunguzi mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka wa 1987 ulipokea watu wa umri wa miaka 37 mpaka 60 tu. Hapo likafungika fundo gumu: wazee hawakupasuliwa kwa kuwa ushahidi ulikuwa haba, na ushahidi ulikuwa haba kwa kuwa hawakupasuliwa.

Fundo hilo lilikazwa zaidi katika mwaka wa 2005. Daktari David Flum na wenzake walichunguza habari za wagonjwa 16,155 waliopasuliwa kwa gharama ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na baadhi ya walemavu. Katika kila wagonjwa 100 waliotimiza miaka 65 au zaidi, yapata 11 walifariki kabla ya mwaka kwisha. Kwa walio chini ya umri huo walikuwa yapata 4. Mwezi wa Novemba wa mwaka huo wakuu wa bima wakapendekeza kutowalipia wazee upasuaji huo.

Lakini uchunguzi huo ulikuwa na neno la pili. Wagonjwa wa wapasuaji wasio na mazoea mengi ya kazi hiyo walikufa zaidi kuliko wa wale walioizoea. Kumbe hatari haikukaa katika mwili wa mzee peke yake. Nyingine ilikuwa katika mkono ulioshika kisu. Mwezi wa Februari 2006 shauri likageuzwa: bima ingewalipia watu wa umri wote, mradi wapasuliwe katika hospitali zilizothibitishwa kuwa na ujuzi. Sharti hilo la hospitali liliondolewa mwaka wa 2013.

Katika mwaka wa 2022 chama cha wapasuaji hao cha Marekani na shirikisho lao la dunia walitamka kwamba umri mkubwa peke yake usiwe kizuizi. Yafaa kupimwa udhaifu wa mwili, magonjwa mengine, na faida itakayopatikana. Hii si ruhusa ya kupasua ovyo. Mzee akipungua uzito hupoteza nyama ya misuli na nguvu ya mifupa pia. Basi hana budi kula vyakula vya kujenga mwili, kutumia vitamini maisha yake yote, na kuufanyiza mwili mazoezi. Wengine huambiwa wasipasuliwe, na siku hizi zipo pia dawa za kupunguza uzito.

Tazama basi, msomaji, jinsi hesabu ile ile ilivyoweza kuwafungia wazee mlango, na ikasaidia kuufungua iliposomwa mpaka mwisho. Wazee wawili wa miaka 70 si sawa: mmoja hupanda kilima, mwenziwe hushindwa kuinuka kitini. Anayewahukumu wote kwa miaka yao tu hajawapima bado.