Mkuki wa Mtu Mmoja

Wiki ile nilishindwa na mnyama mmoja mara kumi na moja. Nilikuwa chumbani, nyumbani kwetu Sokon I. Bando lilikuwa limeisha, na tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa imefunguliwa kwenye dirisha jingine la kompyuta ikinisubiri. Gemu ni Monster Hunter: World, iliyotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Capcom ya Japani. Mchezaji huchagua silaha moja kati ya aina 14, kisha huingia porini kuwinda majitu. Mimi nilichagua upanga mkubwa, mrefu kuliko mtu anayeubeba, kwa sababu pigo lake moja linauma kuliko yote.

Nilipokuwa nikicheza na rafiki yangu wa chuo, upanga ule ulinifaa. Mnyama akimgeukia yeye, mimi nilipata nafasi ya kuuinua taratibu na kuushusha. Rafiki akapata kazi Dodoma, na mazungumzo yetu yakabaki salamu za sikukuu. Ukicheza peke yako mnyama hana mwingine wa kumtazama. Anakutazama wewe, na hakusubiri umalize kuinua upanga.

Babu aliingia akitafuta chaja ya simu.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Huyo yuko peke yake?”

“Ndiyo.”

“Sasa mbona amebeba mzigo?”

Nilicheka, lakini babu ana haki ya kuuliza. Nyuma ya mlango wa chumba chake umesimama mkuki, na kwenye mkono wake wa kushoto kuna kovu. Tangu utotoni tuliambiwa kwamba enzi za ujana wake kama moran alimuua simba peke yake.

Mkuki huo ni kazi ya Ilkunono, wahunzi ambao Wamaasai waliwategemea kwa chuma lakini hawakutaka kuoana nao. Ubao ni kipande kifupi tu katikati, mahali pa kushika. Juu kuna ubapa mrefu wa chuma na chini kuna mchi mwembamba, chuma pia. Zamani moran aliubeba pamoja na ngao ya ngozi ya nyati, sime kiunoni na rungu. Ukiurusha ukamkosa simba umebakiwa na sime, na sime maana yake simba amekwisha kukufikia. Ndiyo maana katika uwindaji wa kundi, olamayio, vijana walimzunguka simba, na sifa ikamwendea aliyetangulia kumchoma. Huyo ndiye aliyevaa olawaru, kofia ya manyoya ya simba.

Tasnifu yangu inahusu wawindaji wa enzi za ukoloni, na sura ya pili ni ya J. H. Patterson, mhandisi Mwingereza aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli huko Tsavo mwaka 1898, wakati simba wawili walipokuwa wakiwala vibarua. Kwa kitabu chake cha mwaka 1907 alijulikana duniani kama mtu mmoja aliyewamaliza wote wawili. Mwaka 1924 aliziuza ngozi zao kwa makumbusho ya Field, Chicago, na simba hao wangali wanaoneshwa huko.

Lakini kisome kitabu chenyewe ukifuatilia silaha tu. Tarehe 9 Desemba alikwenda na bunduki nzito ya kuazima, yenye mitutu miwili. Simba akatokea karibu kabisa, Patterson akafyatua, risasi haikulipuka. Mwenyewe anakiri kwamba kwa mshtuko aliusahau mtutu wa pili. Kilichomwokoa ni vibarua waliokuwa wakipiga ngoma na makopo kumtoa simba vichakani; makelele yao yalimfanya mnyama aruke pembeni. Usiku huo alimuua kwa bunduki aliyoizoea.

Tarehe 29 Desemba simba wa pili, akiwa amejeruhiwa, alimjia mbio. Patterson akanyoosha mkono nyuma kupokea bunduki ya akiba, asiipate. Mbebaji wake, Mahina, alikuwa tayari anapanda mti nayo. Patterson naye akapanda mti, akaichukua bunduki ile mkononi mwa Mahina, na kwa hiyo ndiyo akamaliza kazi.

Mimi nilikuwa nimemweka Mahina kwenye tanbihi, kama kichekesho.

Jioni moja nikamuuliza babu kuhusu simba wake. Alinyamaza kitambo.

“Tulikuwa saba,” akasema. “Aliyemchoma kwanza hakurudi nyumbani. Mkuki wangu ulikuwa wa pili.”

“Mbona wanasema ulikuwa peke yako?”

“Mwanzoni nilisahihisha. Baadaye niliona mama yake akisikia jina la mwanawe analia. Nikaacha kulitaja. Watu wakahesabu waliyemwona.”

Akanitajia jina lile. Siliandiki hapa kwa sababu familia yake ipo, na habari hii ni yao kabla ya kuwa yangu. Ila usiku huo nilifungua tasnifu, nikamtoa Mahina kwenye tanbihi na kumpandisha juu, kwenye maelezo yenyewe, pamoja na wapiga makopo ambao majina yao Patterson hakuyaandika.

Kisha nikarudi kwenye gemu. Nikaacha upanga, nikachukua mkuki na ngao. Silaha hii haina mbwembwe: unajikinga, unachoma mara mbili tatu, unajikinga tena. Inakuruhusu kumtazama mnyama muda wote. Akaanguka muda ukiwa karibu kuisha.

Babu alikuwa amesimama mlangoni. “Na huyo paka anayekufuata anafanya nini?”

“Ananiponya nikiumia. Anamzuga mnyama kidogo.”

“Anaitwa nani?”

Nilimpa jina mwenyewe siku ya kwanza, kwa haraka. Ikabidi nirudi kwenye menyu kulitafuta.