Lugha Moja Yenye Majina Manne, Jina Moja Lenye Lugha Nyingi

Pakiti ya sigara inayouzwa Bosnia na Herzegovina hubeba onyo lilelile mara tatu. Kwa Kibosnia: Pušenje ubija. Kwa Kikroatia: Pušenje ubija. Kwa Kiserbia: Пушење убија. Mistari miwili ya kwanza inafanana herufi kwa herufi. Wa tatu una maneno yayo hayo, ila yameandikwa kwa alfabeti ya Kikirili. Yote matatu yanasema kuvuta sigara kunaua. Watu wa huko wenyewe huicheka pakiti hiyo.

Sasa twende Hong Kong. Kwa Kikantoni, "yeye" ni keoi, "kula" ni sik, "kunywa" ni jam. Kwa Kimandarini cha Beijing, maneno hayo ni ta, chi na he. Mtu wa Beijing ambaye hajawahi kujifunza Kikantoni akiketi mkahawani na wenyeji wa Hong Kong, mazungumzo yatampita hivi hivi. Lakini ukiuliza serikali ya China, utaambiwa hizo ni lahaja za lugha moja, Kichina.

Unaona maajabu? Wanaoelewana wana lugha nne. Wasioelewana wana lugha moja. Ndiyo maana napenda kuziweka Kiserbia na Kikantoni meza moja, ingawa kwa sarufi hazina hata undugu wa mbali. Nataka kujua nani hasa huhesabu lugha.

Tuanze na zenyewe. Kiserbia ni cha ukoo wa Kislavoni, pamoja na Kirusi. Nomino yake hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi, na kazi hizo ni saba. Kikantoni hakina shughuli hiyo. Neno halibadiliki, kitenzi hakibebi nafsi wala wakati. Mzigo huo hubebwa na mpangilio wa maneno na vijineno vidogo, huku toni ikitenganisha neno na neno. Chukua silabi si. Ukiitamka kwa toni sita za Hong Kong unaweza kupata shairi, historia, jaribu, wakati, soko na jambo. Ukikosea toni, umetaka kuzungumzia historia na umeishia sokoni. Hata Kiserbia kina wimbo wake wa ndani: grad ya kukatwa fupi ni mvua ya mawe, grad ya kuvutwa ni mji.

Na sisi Waswahili hatuko mbali na meza hiyo. Chai ni čaj kwa Kiserbia, na kwa Kikantoni ni cha. Neno lilitoka China likasafiri na biashara hadi likatufikia sote. Mserbia hunawa kwa sapun na huweka vitu ndani ya sanduk, maneno aliyoyapata kwa Waturuki, nao Waturuki kwa Waarabu. Sabuni na sanduku, basi.

Historia ya Kiserbia cha leo huwezi kuisimulia bila Vuk Karadžić, mtoto wa wakulima aliyetembea kwa mguu wa mti. Alitoa sarufi mwaka 1814 na kamusi yenye maneno zaidi ya 26,000 mwaka 1818. Wakati huo wasomi na makasisi waliandika kwa mchanganyiko wa lugha ya kanisa ambao mchunga kondoo hakuuelewa. Vuk akasema andika unavyosema, sauti moja herufi moja, ndivyo tunavyofanya karibu kila neno la Kiswahili. Kanisa lilimpinga miaka mingi. Serbia ilikubali rasmi maandishi yake mwaka 1868, miaka 4 baada ya kufa kwake.

Mwaka 1850, waandishi Waserbia na Wakroatia walikutana Vienna wakakubaliana kuwa watu wao wanahitaji lugha moja ya vitabu. Mwaka 1954, wakiwa ndani ya Yugoslavia, wasomi wakarudia pale Novi Sad: lugha ni moja, alfabeti ni mbili, matamshi ni mawili. Maziwa ni mleko kwa huyu na mlijeko kwa yule, na hakuna aliyekufa. Mwaka 1967 wasomi Wakroatia wakadai lugha yao itambuliwe kwa jina lake. Kisha mwaka 1991 nchi ikaanza kuvunjika, na lugha ikavunjika nayo: Kiserbia, Kikroatia, Kibosnia, baadaye Kimontenegro. Mahakama ya The Hague iliyohukumu uhalifu wa vita hivyo ilibuni jina la herufi tatu, B/C/S, ili isimkasirishe yeyote.

Usidhani ni mchezo wa majina tu. Mji wa Vukovar, Kroatia, ulibomolewa na jeshi la Yugoslavia na wapiganaji Waserbia mwaka 1991. Mwaka 2013 serikali ilipoweka mabango ya Kikirili huko, kwa kuwa sheria inawapa Waserbia wa mji huo haki hiyo, watu waliyavunja kwa nyundo. Kwa aliyezika ndugu zake, herufi zile hazikuwa herufi tu.

China imekwenda njia ya kinyume, na mwandiko umesaidia sana. Fikiria tarakimu 5. Mimi naisoma tano, Mserbia pet, Mkantoni ng, mtu wa Beijing wu. Alama za Kichina hufanya kazi karibu hivyo, kwa hiyo gazeti la Beijing linaweza kusomwa kwa sauti za Kikantoni. Mwandiko wa Vuk huanika hata tofauti ndogo. Mwandiko wa Kichina hufunika hata tofauti kubwa.

Ila kufunika kuna gharama. Maandishi rasmi hufuata usemi wa kaskazini, hivyo mtoto wa Hong Kong husema keoi lakini shuleni huandika neno la Beijing. Wakantoni wamejitengenezea alama zao kwa katuni, matangazo na jumbe za simu. Ninayoipenda zaidi ni 冇, yaani "hakuna". Ni alama ya "kuna", 有, iliyotolewa vistari viwili vya ndani. Wameitoa matumbo!

Utasikia hadithi kwamba Kikantoni kilikosa kura moja tu kiwe lugha ya taifa la China. Si kweli, mkutano wa 1913 ulibishania matamshi ya pamoja, na kaskazini ikashinda. Mwaka 1956 serikali ikaagiza Kimandarini kienezwe nchi nzima. Mwaka 2010 lilipotolewa pendekezo televisheni ya Guangzhou iongeze Kimandarini, vijana waliingia barabarani kutetea Kikantoni. Sheria ya Hong Kong nayo husema lugha rasmi ni Kichina na Kiingereza, bila kusema Kichina kipi. Ukimya huo ndio umekilinda Kikantoni, na ndio unaoweza kukiponza.

Hapa kwetu tumefanya yote mawili. Jina Kalenjin, lenye maana ya "nakuambia", lilianza kuwaunganisha Wakipsigis, Wanandi, Watugen na wenzao katika miaka ya 1940. Na mwaka 1928 mkutano ulioketi Mombasa, nyumbani kwa Kimvita cha Muyaka, uliamua Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Toka siku hiyo Kimvita ni "lahaja", ati.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Sheng ni lugha, siendi kwanza kwa sarufi. Kiserbia na Kikantoni zimenifundisha kwamba jibu hilo huamua mtoto atafundishwa kwa maneno gani, shahidi atasikika vipi mahakamani, na bango la nani litavunjwa. Namuuliza yeye: ukishapewa jibu, unataka kulifanyia nini?