Waya Mmoja, Safari Mbili

Msomaji kijana, uonapo watu wakipelekeana habari kutoka Mombasa hadi New York kwa kufumba na kufumbua, usidhani ya kuwa mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya intaneti kuenea, kompyuta nyingi zilipelekeana barua kwa simu ya kawaida, na mara nyingi simu hiyo ilikuwa moja tu, ya kuingilia na ya kutokea. Jinsi mafundi walivyompatanisha aingiaye na atokaye ni historia fupi, lakini ina mafunzo.

Tuanze na vyombo vyenyewe. Kompyuta ilitoa habari kwa alama za umeme, biti moja baada ya nyingine, kupitia waya. Simu ya zamani ilichukua sauti tu. Kwa hiyo kati yao paliwekwa chombo kiitwacho modemu, kigeuzacho alama kuwa sauti na sauti kuwa alama. Modemu ya biti 300 kwa sekunde ilipitisha herufi 30 hivi kila sekunde. Ukurasa mmoja wa herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika nzima.

Katika miaka ya 1970, Mike Lesk wa Bell Labs, Marekani, alitunga UUCP, yaani programu za kuziwezesha kompyuta za Unix kupigiana simu na kupelekeana mafaili. Mwaka 1979 programu hizo zilitolewa pamoja na toleo la saba la Unix. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, walibuni Usenet, baraza la habari lililosafiri kwa simu toka kompyuta hadi kompyuta. Mara nyingi simu zilipigwa usiku, bei iliposhuka.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Watumiaji walitaka kupiga simu kutoka majumbani mwao ili waingie katika kompyuta. Kompyuta nayo ilitaka kupiga simu kwenda nje kupeleka barua. Mlangoni aliketi bawabu, programu iitwayo getty, ambaye kazi yake ilikuwa kumngojea mgeni na kumwuliza jina. Basi tazama yaliyotokea. Kompyuta ilipoanza kupiga simu nje huku bawabu angali kazini, modemu ilijibu "OK". Bawabu akadhani hilo ni jina la mgeni, akadai neno la siri. Modemu ikairudisha kila herufi iliyoandikiwa, naye bawabu akaisoma tena kama jina jipya. Wakaendelea kusemezana hivyo pasipo mwisho, na barua hazikuondoka. Kweli, mafahali wawili hawakai zizi moja.

Wewe ungefanya nini? Kununua simu ya pili na modemu ya pili kulihitaji fedha. Kumwondoa bawabu kwa mkono kila simu ilipopigwa kuliwezekana. Lakini fundi aliposahau kumrudisha, watumiaji wote walibaki nje.

Dawa ya kwanza ilikuwa adabu. Kila programu iliyotaka waya iliandika kwanza faili dogo la kufuli, na ndani yake ikatia nambari yake. Atakayekuja nyuma alitakiwa kulitazama faili hilo, akilikuta, angoje. Katika Unix za baadaye akaja bawabu mpya, uugetty, aliyefahamu desturi hiyo: alipoona kufuli la mwenzake, alinyamaza mpaka lilipoondolewa.

Lakini je, mwenye kufuli akifa ghafula? Programu ikikatika kabla ya kulifuta faili lake, waya hubaki umefungwa na mtu asiyekuwapo. Ndiyo sababu ile nambari iliandikwa: ajaye huuliza kama mwenye nambari yu hai, na akiwa hayupo, hulifuta kufuli lake.

Dawa ya pili iliingia ndani kabisa ya mfumo. Katika kompyuta za Sun, waya mmoja ulipewa majina mawili. Bawabu alitumia jina la kuingilia, naye alizuiliwa kimya mpaka modemu itoe ishara kwamba mgeni amefika. Mpigaji alitumia jina la kutokea, asilazimike kungoja ishara hiyo. Na muda wote alipokuwa akiushika waya, bawabu aliendelea kuzuiliwa. FreeBSD ingali na majina hayo mawili hata leo.

Usiyadharau mambo haya kwa udogo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua za kompyuta za mashirika yasiyo ya kiserikali hapa Nairobi zilisafiri kwa simu pia, kwa mtandao mwingine ulioitwa FidoNet, zikipitia GreenNet ya London. Kwa njia za namna hiyo, mwenye simu moja tu aliweza kusemezana na dunia.

Basi, kijana, kumbuka sheria ya waya ule: utwaapo kitu cha wote, andika jina lako, umalizapo, kiachilie, na ukikuta kimefungwa, uliza kwanza kama mwenyewe yungali hai.