René Maran, Komanda Aliyeandika Aliyoyaona

Ng'ambo ya mto Ubangi, kaskazini ya nchi yetu, iko nchi ambayo Wafaransa waliiita zamani Ubangi-Shari. Leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko liko boma dogo, jina lake Grimari. Mtu mmoja mweusi, aliyezaliwa mbali sana katika visiwa vya Amerika, alikaa hapo akiwa mtumishi wa serikali, naye akaandika kitabu kilichowachoma wakubwa wake. Ndiye René Maran. Seminarini tulikariri mashairi ya Kifaransa mengi, wala hatukulisikia jina lake. Tulilijua baadaye, kwa kitabu chakavu tulichoazimwa na rafiki.

Alizaliwa tarehe 5 Novemba 1887, mjini Fort-de-France, kisiwani Martinique. Wazazi wake walikuwa watu weusi wa Guyane, koloni la Wafaransa katika Amerika ya Kusini. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, akapelekwa kazini Gabon. Mtoto naye akaenda, lakini hewa ya huko haikumfaa. Basi alipokuwa na umri wa miaka saba hivi akatiwa katika shule ya bweni karibu na Bordeaux, Ufaransa, na wazazi wakabaki Afrika. Aliyelala bwenini anajua mambo hayo: siku za mapumziko zinafika, wenzako wanafunga mizigo yao, wewe unabaki kuhesabu vitanda vitupu. Mtoto huyo akafanya urafiki na vitabu. Akapata pia rafiki wa kweli, kijana wa Guyane aliyeitwa Félix Éboué. Tutakutana naye tena mbele.

Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, La Maison du bonheur, kilipigwa chapa mwaka 1909, na cha pili, La Vie intérieure, mwaka 1912. Ni mashairi ya kijana mpweke, yaliyofuata desturi za washairi wa Ufaransa. Kama angeishia hapo, pengine asingekumbukwa na watu wengi. Lakini alikwisha kuifuata njia ya baba yake: aliingia kazi ya serikali, akatumwa Ubangi-Shari.

Hebu fikirini hali yake. Mbele ya Wazungu wenzake kazini alikuwa mtu mweusi. Mbele ya Wabanda wa Grimari alikuwa Komanda, mtu wa kodi na wa amri. Rangi yake ilikuwa yao, kofia yake haikuwa yao. Usiku wa mbalamwezi alijinyosha kitini barazani, akasikiliza maongezi ya watu. Aliyoyasikia akayaandika, akayafuta, akayaandika tena, muda wa miaka sita.

Kitabu kilitoka Paris mwaka 1921 kwa jina la Batouala. Ni hadithi ya mkubwa wa kijiji, na mke wake Yassigui'ndja, na kijana Bissibi'ngui anayemtamani mwanamke huyo. Mna moto wa nyika, mna ngoma na pombe, na mwishoni mna chui anayempasua Batouala mawindoni, siku ile ile alipokusudia kumwua kijana. Katikati ya ngoma wazee wananung'unika juu ya Wazungu: kodi inapanda kila mara, na kazi ya shokoa haina mwisho. Msomaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Upande huu wa mto pia, wazee walisimulia habari za mpira wa msituni siku za Bula Matari.

Lakini kilichowasha moto hasa si hadithi, bali ni maneno ya utangulizi. Hapo Maran hasemi kwa kinywa cha Batouala; anasema mwenyewe. Anaeleza kwamba nchi ya Grimari ilikuwa na mpira tele, mashamba na watu wengi, na kwamba miaka saba ilitosha kuiharibu kabisa. Vijiji vikatawanyika, mashamba yakapotea. Akawalaumu watumishi wenzake kwa ulevi na uvivu wa roho. Angalieni jambo moja: hakuwaambia Wafaransa waondoke. Aliwaita waandishi wa Ufaransa, ndugu zake kwa kalamu, wamsaidie ili maovu yarekebishwe.

Tarehe 14 Desemba 1921 watu kumi wa Akademia ya Goncourt walikusanyika kuchagua kitabu cha mwaka. Kura zikawa tano kwa tano, na kura ya rais wao, iliyohesabiwa mara mbili, ikampa Maran ushindi. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata zawadi hiyo. Yeye mwenyewe hakuwako Paris. Alikuwa kazini, mbali katika nchi ya Chad.

Magazeti mengi yalimshambulia. Mtumishi anayekula mkate wa serikali, walisema, anathubutuje kuitukana? Kitabu kikakatazwa katika makoloni, maana yake wale waliosimuliwa humo hawakuruhusiwa kukisoma. Baada ya miaka michache Maran akaiacha kazi, akarudi Paris kuishi kwa kalamu yake. Mwaka 1927 mwandishi mkubwa André Gide, aliyekuwa ametembea katika nchi zile zile, alitoa kitabu cha safari yake chenye mashtaka mazito juu ya makampuni ya mpira. Gide alikuwa Mzungu mwenye jina. Yeye alisikilizwa hata bungeni.

Wako Waafrika wasiompenda Maran. Wanasema Wabanda wake wanakunywa mno na kutamani mno, na kwamba alibaki Mfaransa katika kila jambo. Neno la kwanza lina haki yake. Sisi pia kuna kurasa tulizozipita haraka. Neno la pili hakulificha. Kitabu chake Un homme pareil aux autres, cha mwaka 1947, kinasimulia habari za mtu mweusi aliyelelewa Ufaransa, asiyeweza kuamini kwamba anapendwa, na Frantz Fanon, mwana wa Martinique pia, alimchambua mtu huyo kwa ukali mwaka 1952. Lakini ni nani mwingine aliyekaa boma lile akayaandika maangamizi ya Grimari, akatia jina lake chini?

Mwaka 1938 alitoa kitabu juu ya Livingstone, yule aliyefika Nyangwe katika Maniema yetu, akaona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni mwaka 1871. Na mwaka 1957 aliandika maisha ya rafiki yake Éboué. Éboué hakuiacha serikali. Alitumika miaka mingi Ubangi-Shari, akapanda hata kuwa gavana wa Chad, na mwezi Agosti 1940 akaitia nchi hiyo upande wa Jenerali de Gaulle. Alikufa Cairo mwaka 1944, na tangu 1949 mwili wake unalala Panthéon, pamoja na wakuu wa Ufaransa. Vijana wawili wa Bordeaux, mmoja alinyamaza mengi akapanda ngazi, mwingine alisema akashuka. Maran aliandika kitabu hicho bila kijicho.

Alifariki Paris tarehe 9 Mei 1960, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. Tarehe 13 Agosti mwaka huo huo, Ubangi-Shari ikapata uhuru wake.